Ngitili za Shinyanga: misitu ilivyorudi baada ya wenye ardhi kurudishiwa kauli

Mwaka 1986 ngitili zote zilizokuwa zikijulikana katika mkoa wa Shinyanga, yaani maeneo ya malisho ambayo Wasukuma huyafunga msimu wa mvua ili nyasi na miti viote, hazikuzidi sana hekta 600. Mkoa wenyewe wakati huo ulikuwa mkubwa, kilomita za mraba zipatazo 50,000, kwa kuwa Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado hazijatengwa kuwa sehemu ya Simiyu, wala Bukombe haijapelekwa Geita. Miaka isiyofika 20 baadaye eneo la ngitili lilikuwa limepita hekta 350,000, limesambaa katika vijiji 833. Sijui kisa kingine cha Afrika Mashariki ambamo wakulima na wafugaji wa kawaida wamerudisha uoto wa asili kwa kiasi hicho, kwenye nchi kavu, juu ya ardhi wanayoilima na kuichunga kila siku.

Nakiandika kwa kirefu kwa sababu tumezoea kuhesabu miche. Kila mwaka tunaambiwa imepandwa miti kadhaa wa kadhaa, na mwaka unaofuata inapandwa tena, mara nyingi kwenye mashimo yale yale. Misitu ya Shinyanga haikurudi kwa miche. Mizizi ilikuwepo chini, hai, ikisubiri nafasi. Kilichokuwa kimepotea ni kauli ya wananchi juu ya ardhi yao, na kauli hiyo iliporudi, miti ilijiotea.

Nchi ilivyofyekwa

Usukuma, nchi ya Wasukuma ambamo Shinyanga imo, hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na mvua yenyewe haina adabu: inachelewa, inakatika katikati ya msimu, au inamwagika yote kwa wiki mbili. Mkulima wa huko anaijua ardhi yake kwa ngazi. Juu kuna luseni, mchanga mwepesi wa mihogo na karanga. Katikati kuna itogolo, ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi. Chini kabisa iko mbuga nyeusi inayonasa matairi masika. Miti ya asili iligawana ngazi hizo: migunga ya aina nyingi bondeni na kwenye tambarare, miombo upande wa Kahama na Bukombe ambako mvua ni nzuri zaidi, na mibuyu na mikwaju hapa na pale.

Ukataji mkubwa ulianza kwa amri. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya mkoloni ilifanya Shinyanga kuwa kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton. Hesabu ilikuwa rahisi: mbung'o anahitaji kivuli, ondoa kivuli, ng'ombe watapona nagana na watu watapona malale. Watu waliitwa kupitia watemi wao, wakaja na mashoka, wakafyeka vichaka maili kwa maili. Kazi ya namna hiyo iliendelea kwa miongo kadhaa. Kwa upande wa mbung'o ilifaulu, hilo lazima lisemwe, na ng'ombe waliongezeka. Ila msitu ulikuwa umepewa jina la adui kwa kauli ya serikali, na jina hilo halifutiki upesi.

Pamba ikafuata. Eka ziliongezeka, fedha ya pamba ikageuzwa ng'ombe, ng'ombe wakahitaji malisho ambayo pamba ilikuwa imeyala. Mwaka 1947 ukaja mpango wa maendeleo wa Usukuma, uliobeba masharti ya kilimo na ya kupunguza mifugo, na faini kwa asiyetii. Watu waliupinga hadi ukalegea. Mtu aliyetozwa faini kwa ajili ya hifadhi ya udongo hawezi kulipenda neno hifadhi, na watoto wake wataisikia hadithi hiyo.

Pigo ambalo ninaliona kuwa kubwa kuliko yote lilikuja na Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970. Familia ya Kisukuma ilikuwa ikiishi ndani ya ardhi yake: nyumba, zizi, uzio wa minyaa, mashamba, na pembeni ngitili. Watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, ngitili ziliachwa kule nyuma, mbali na macho ya wenyewe. Ardhi isiyo na jirani wa kuilinda ikawa ya kila mwenye shoka. Nia ya vijiji ilikuwa kuwapelekea watu shule, zahanati na maji, na wengi walivipata. Lakini mpangilio wa kutunza malisho, ambao haukuandikwa popote kwa sababu haukuhitaji kuandikwa, ulivunjika kwa muda mfupi sana.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania. Kina mama walikuwa wakipikia samadi na miti ya pamba. Samadi iliyochomwa jikoni haifiki shambani, hivyo jiko lenyewe lilikuwa likiula mtama wa mwaka ujao.

Ngitili ikoje

Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na kufunguliwa kiangazi kinapokolea, Julai au Agosti, wakati nyasi za kwingine zimekwisha. Za familia huwa hekta mbili hadi tano, karibu na nyumba. Za pamoja huanzia hekta kumi na kufika mamia. Nyingi hazina uzio. Mpaka unajulikana kwa mti fulani, kichuguu fulani, njia ya miguu, na zaidi kwa sababu jirani anajua.

Tangu zamani hazikuwa za kundi zima. Zilikuwa za ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai wanaopaswa kuwa na nguvu jembe litakapofungwa mwanzo wa mvua. Mwenye busara hafungulii ng'ombe mia waingie siku moja. Anakata eneo kwa vipande, wamalize hiki ndipo waende kile.

Simama mpakani mwa ngitili mwezi wa pili, mvua zikiwa zimechanganya, utazame visiki. Upande wa nje utaona kisiki cha mgunga kilichokatwa usawa wa ardhi, kimezungukwa na machipukizi mafupi yaliyosokotana, hayafiki gotini, kwa sababu mbuzi wanayatafuna kila mwaka. Mti ule unaweza kuwa na umri wa miaka thelathini na bado unafanana na kichaka cha kukalia kuku. Hatua tatu upande wa ndani, kisiki cha aina ile ile, pengine cha umri ule ule, kimetoa fimbo tano sita zilizompita mtu kimo baada ya misimu michache tu. Mizizi yake ni ya mti mzima na inafikia maji ambayo mche wa kitalu hautayafikia kwa miaka mingi. Mwenye ngitili akipogoa na kubakiza machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, atapata nguzo za nyumba mapema kuliko jirani yake aliyechimba mashimo na kumwagilia. Chini ya fimbo hizo nyasi zimelala nene, na udongo ukiugusa una unyevu wakati nje umeshapasuka.

Kwa hiyo ngitili ni malisho kwa jina, lakini ukiifunga miaka kumi mfululizo inakuwa msitu. Mfugaji anapata nyasi kila mwaka, na miti inakua bila yeye kulazimika kuisubiri kwa njaa. Miradi mingi ya upandaji miti inamtaka mtu maskini avumilie miaka kumi na tano bila kupata kitu. Ngitili inamlipa kiangazi cha kwanza.

HASHI ilipoanza kusikiliza

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo kila mtu anaijua kwa jina la HASHI. Norwei ilitoa sehemu kubwa ya fedha kupitia shirika lake la misaada, NORAD, na kuanzia 1991 watafiti wa kituo cha kimataifa cha ICRAF walijiunga kwa upande wa kilimo mseto, yaani miti pamoja na mazao. Mwanzoni programu ilifanya kilichofanywa kila mahali: vitalu, miche, nyingi ya miti ya kigeni, na maafisa wa kuhimiza. Mwendo ulikuwa wa kusuasua. Mchwa walikula, ukame ukala, na mifugo ikamalizia.

Mabadiliko yalikuja walipokaa na wananchi na kuwauliza wenyewe walikuwa wakifanyaje kabla ya vijiji. Jibu lilikuwa ngitili. Wazee walikumbuka zilipokuwa, za nani, zilifungwa lini. Wataalamu wakawasaidia wanakijiji kuchora ramani ya kijiji chao, kuorodhesha mabaki yaliyopo na maeneo yanayoweza kufungwa. Walitumia mikutano, ngoma, maigizo na hata maonyesho ya video vijijini, jambo ambalo kwa miaka ile lilijaza uwanja.

Kazi ya afisa misitu aliyefika kijijini ikabadilika. Badala ya kuja kukamata, alikuja kuhakikisha kuwa serikali yenyewe haitauvuruga uamuzi wa kijiji. Watu wanaoandika ripoti wanalipita jambo hili haraka, wakati mimi naliona kuwa ndiyo nusu ya kazi nzima. Hakuna familia itakayofunga hekta tano kwa miaka kumi ikiwa na hofu kwamba siku moja eneo hilo litatangazwa kuwa la serikali kwa sababu lina miti. Kumbukumbu za faini za mkoloni na za kuhamishwa zilikuwa bado mbichi.

Ulinzi ulikuwa wa ngazi mbili. Upande wa mila kulikuwa na dagashida, mkutano mkuu wa jadi ambamo kanuni zinajadiliwa na kukubaliwa, na sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe. Sungusungu walikuwa tayari wameheshimika, wanajua kila njia na kila zizi. Aliyekamatwa amechungia kwenye ngitili ya mwenzake alitozwa mchenya, yaani faini ya kimila, na aliyekaidi alitengwa: hasalimiwi, hasaidiwi msibani, haazimwi moto. Upande wa serikali kulikuwa na halmashauri ya kijiji, sheria ndogo, na kamati za mazingira. Kosa lililoishinda mila lilipelekwa kwenye sheria ndogo, na sheria ndogo zenyewe ziliandikwa kutokana na yaliyokubaliwa dagashida.

Vijiji vingi nchini vina sheria ndogo za misitu zilizoandikwa wilayani, zikapigwa muhuri, zikafungiwa kabatini. Za Shinyanga zilifanya kazi kwa kuwa mchungaji alizijua kabla hazijachapwa. Kijana wa miaka kumi na miwili anayechunga ng'ombe wa baba yake hasomi sheria ndogo, ila anajua akipitisha kundi kwenye ngitili ya fulani jioni atamkuta sungusungu mlangoni.

HASHI ilifungwa mwaka 2004, na shughuli zake za utafiti na ushauri zikaendelea chini ya NAFRAC, kituo cha misitu ya asili na kilimo mseto mjini Shinyanga. Mradi uliisha, ngitili zikaendelea.

Nani amepata nini

Kikosi kazi kilichoongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa ushirikiano wa Wizara ya Maliasili na Utalii na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kilitoa mwaka 2005 tathmini ambayo hadi leo ndiyo inayotegemewa zaidi. Kiliona kwamba mazao ya ngitili, yaani kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, malisho, asali, dawa, matunda, mboga na maji, yana thamani ya dola 14 kwa kila mtu kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania kwa wakati huo ulikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Mazao hayo karibu yote hayapiti sokoni, kwa hiyo hayaonekani kwenye hesabu za mkoa. Ofisi inayopima umaskini kwa fedha taslimu haitaiona mboga ya mlenda iliyoota tena nyuma ya nyumba.

Kinachonigusa zaidi ni saa. Tathmini ilionyesha kwamba kuni zimesogea kiasi cha kumpunguzia mwanamke saa 2 hadi 6 za kutembea kwa siku anayokwenda kutafuta kuni. Mzigo wa kuni wa kichwani ni mzito kuliko takwimu yoyote, na binti anayerudi saa nne asubuhi badala ya saa nane mchana ana nafasi ya kufika darasani. Vijiji vingine vilitumia mapato ya ngitili za pamoja kwa madarasa na zahanati, na vingine vikafunga maeneo yaliyo juu ya malambo ili maji yasijae tope.

Viumbe pia walirudi: aina 152 za mimea zilihesabiwa, na aina 145 za ndege. Fisi nao wakarudi, wakala mbuzi, na nyani na ndege waharibifu wakaingia mashambani. Hasara ilikadiriwa kufika dola 63,000 kwa mwaka katika mkoa, kiasi kidogo ukilinganisha na faida yote. Lakini mwenye mbuzi wanne aliyeliwa wawili hafarijiki na wastani wa mkoa.

Mahali panapovuja

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokisimulia kisa hiki kama ushindi mtupu. Katika ngitili 18,607 zilizoorodheshwa kwenye tathmini, za pamoja zilikuwa 284 tu. Zilizobaki zote ni za familia na watu binafsi. Hilo lilikuwa nguvu ya mwanzo, kwa sababu kila mtu alilinda chake. Lakini maana yake ni kwamba aliyekuwa na ardhi nyingi alifunga eneo kubwa, aliyekuwa na ardhi kidogo alifunga kidogo, na asiye nayo hakufunga chochote. Kadiri watu walivyofunga ndivyo malisho ya wazi yalivyopungua, na malisho ya wazi ndiyo yaliyokuwa kimbilio la asiye na ngitili. Wapo wanaonunua nyasi za mwenzao kiangazi, na wapo wasioweza.

Hata ngitili ya pamoja inapofunguliwa, mwenye ng'ombe 200 na mwenye ng'ombe watatu wanaingia kwa lango moja siku moja. Vijiji vichache vimejaribu kutoza kwa idadi ya mifugo. Kwangu mimi huo ndio utaratibu wa haki, na unachelewa kuenea kwa sababu wenye makundi makubwa ndio wenye sauti mikutanoni.

Mwanamke ndiye mtumiaji mkubwa wa kuni, mboga na dawa, lakini dagashida ni baraza la wanaume na ardhi kimila inarithiwa upande wa kiume. Mume akifariki, ngitili inaweza kugawanywa kwa watoto wa kiume, kila mmoja akapata kipande kisichotosha kufungwa. Vipande vinageuzwa mashamba au vinauzwa. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.8 katika mkoa wa wakati ule, na tangu hapo wameongezeka sana. Miji ya Shinyanga na Kahama inahitaji mkaa, na migodi ya dhahabu upande wa Kahama imevuta watu wengi. Mti wa miaka ishirini wa ngitili ni magunia ya mkaa yanayosubiri mwenye shida ya ada ya shule.

Sheria za kuziba matundu haya zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inakipa kijiji mamlaka ya kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kubeba majina ya mume na mke. Sheria ya Misitu, namba 14 ya 2002, inakiruhusu kijiji kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji, na kikundi cha wanakijiji kutenga msitu wake. Kijiji chenye msitu wa namna hiyo kinavuna kwa mpango wake, hakidaiwi mrabaha na serikali kuu, na mapato yanabaki kijijini. Kikwazo ni mlolongo: kupima mpaka wa kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, kamati, sheria ndogo, idhini ya wilaya. Kila hatua ina gharama, na kijiji kisicho na mfadhili husimama ya pili au ya tatu. Hivyo ngitili nyingi zimebaki zikilindwa na mila peke yake, na mila ina nguvu kwa jirani anayeijua kuliko kwa mgeni mwenye lori.

Jaribio la kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, lililofanywa na TaTEDO, shirika la nishati endelevu, huko Shinyanga na Kahama kuanzia 2010 kwa fedha za Norwei, liliwaunganisha wenye ngitili katika vikundi na kuwafundisha kupima miti yao wenyewe. Funzo la kupima lina faida. Fedha ya kaboni nisingemshauri mtu aipangie bajeti, maana inategemea soko lililo mbali na mtu ambaye ngitili yake inamlipa tayari kwa nyasi na nguzo.

Kijiji kinachotaka kuanza leo ningekishauri kisingoje mlolongo wote ukamilike. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kukubaliana mwaka huu kwamba ngitili ya familia haigawanywi chini ya ukubwa fulani. Warithi wanashirikiana kuitumia, au mmoja anawanunua wenzake mbele ya halmashauri ya kijiji. Unaweza kuamua mjane abaki na haki ya kuni, nyasi na mboga katika ngitili ya marehemu, yeyote atakayeirithi, na jina lake liandikwe kwenye daftari la ardhi la kijiji. Unaweza kupanga ada ya kuingiza ng'ombe kwenye ngitili ya pamoja kwa kichwa, wale watano wa kwanza wa kila kaya wakiingia bure. Hayo yote yapo ndani ya uwezo wa mkutano wa kijiji, na muda wa kuyaamua ni kabla ya Novemba, wakati ngitili zinafungwa.